Daraja la Ouse Valley, matofali milioni 11 na bado treni inapita

Jamani hili daraja la reli la Ouse Valley huko Sussex, Uingereza, kwangu mimi ndo zuri kuliko yote ya matofali. Lilifunguliwa 1841 kwenye reli ya London kwenda Brighton, injinia wake John Rastrick, na yale mapambo ya mawe juu alichora msanifu David Mocatta, vile vibanda vidogo 8, 4 kila mwisho.

Urefu kama mita 450, matao 37, matofali yanakadiriwa milioni 11. Lakini kinachonishangaza hasa ni nguzo. Kila nguzo ina tundu kubwa lenye tao katikati, kwahiyo ukisimama chini ukachungulia unaona matundu yamepangana hadi mwisho wa daraja, watu wengi wanadhani ni urembo tu kumbe walikuwa wanapunguza matofali na uzito.

Sasa kulitunza ndo kazi. Mawe yalikuwa yameliwa na hali ya hewa, ikabidi kati ya 1996 na 1999 wafanye ukarabati mkubwa na mawe wakayatafuta Ufaransa ili yafanane na ya zamani, na mimi nawaunga mkono kabisa, maana wangeweza kupaka saruji wakaondoka zao. Saruji kwenye ukuta wa zamani wa chokaa ni hatari, ni ngumu mno, maji yanashindwa kutoka na tofali lenyewe ndo linaanza kupasuka. Chokaa inapumua, tumieni chokaa jamani!