Pupil Aliingiaje Jichoni?

Juzi usiku, umeme ukiwa umekatika kama kawaida yake, Mdogo aliniuliza kwa nini ripoti yake imeandikwa pupil na ya dada yake imeandikwa student, ilhali wote wawili wamefeli hesabu. Nikamjibu la harakaharaka: wewe uko msingi, dada yako yuko sekondari, lala. Akalala. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Jibu lile ndilo nililopewa na mimi. Siku yetu ya kwanza Kidato cha Kwanza, mkuu wa shule alitutangazia mstarini, kwa Kiingereza, kwamba tangu asubuhi ile sisi si pupils tena, ni students. Wengi tulitoka shule za msingi za serikali, miaka saba tumefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, tukawa tunamtazama tu. Ikabidi arudie polepole huku akiwaonyesha wavulana miguu: kaptula zimekwisha, sasa suruali. Hapo tukaelewa. Student ni pupil aliyevaa suruali. Sisi wasichana hatukuonyeshwa cha kwetu. Sketi ilikuwa sketi, imebadilika rangi tu.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Waingereza wenyewe humwita pupil hata kijana wa sekondari mwenye ndevu, na kwamba Marekani mtoto wa darasa la kwanza, meno ya mbele hana, tayari ni student. Majirani zetu Kenya ndio wamenimaliza: mtu anahitimu shahada ya sheria chuo kikuu, halafu kabla hajaapishwa kuwa wakili anarudi kuwa pupil chini ya wakili mzoefu, na suruali yake ya suti. Kiswahili hakijajisumbua na haya. Wa chekechea ni mwanafunzi, wa chuo kikuu ni mwanafunzi, na wale kumi na wawili wa Yesu, wavuvi na mtoza ushuru, nao ni wanafunzi.

Miaka miwili ikapita hivyo hivyo, maharage na mchakamchaka. Tukafika Kidato cha Tatu, kwenye mada ya jicho.

Mwalimu wa Baiolojia alileta macho ya ng'ombe kutoka bucha, ndani ya mfuko wa plastiki, akayapanga kwenye sinia. Vifaa vya kupasulia havikuwapo, tukatumia wembe. Tulipewa jicho moja kila meza na mchoro wa kujaza majina. Nakumbuka lile jicho lilivyokuwa likitelezea chini ya vidole, na mboni yake iliyolala kimapana, si duara kama yetu. Mwalimu akaigusa kwa ncha ya kalamu, akasema kwa sauti, "Pupil." Tukaandika.

Mwenzangu wa meza, kijana ambaye mdomo wake ulikuwa haujui kukaa, akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Pupil si mtoto wa msingi? Sasa ameingiaje humu?"

Maabara nzima ikaangua kicheko. Kosa lake lilikuwa mara mbili: utani, na Kiswahili. Nje ya kipindi cha Kiswahili lugha hiyo ilipigwa marufuku, na monita alikuwa na karatasi yake ya kuandika majina ya wanaoizungumza. Karatasi ilikwenda kwa mwalimu wa zamu kila Ijumaa, na Jumamosi walioandikwa wakashika mafyekeo. Nikamwona monita akifungua kalamu.

Mwalimu hakucheka. Alinawa mikono, akaenda kusimama akilitazama dirisha, akamwita, "Njoo hapa. Karibu zaidi. Niangalie jichoni. Unaona nini?"

Yule kijana alisogea hadi pua zao zikakaribia kugusana. Ilikuwa aibu kumtazama mwalimu namna ile, sisi tuliolelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kimya kikawa kirefu.

"Najiona mimi," akasema. "Kadogo. Na dirisha nyuma yangu."

"Basi huyo ndiye aliyeingia."

Halafu akatueleza, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho hatukuwahi kumsikia nacho darasani, kwamba Warumi wa kale walimwita mtoto wa kike, na hata mwanasesere, pupilla, na sehemu ile nyeusi wakaiita hivyo hivyo kwa sababu ukimtazama mtu jichoni unakutana na kijitu. Na pupillus, akasema, alikuwa mtoto asiye na baba, aliye chini ya mlezi. Student ni ukoo mwingine kabisa, unatoka kwenye neno la kujibidiisha, la kukipania kitu.

"Kwa hiyo pupil ana mtu wa kumwangalia," akasema mwenzangu, "na student anajihangaikia mwenyewe?"

Alikuwa akilelewa na mjomba wake, sote tulijua. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga, akatuambia tuendelee kuchora.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi kuliko kitu kingine chochote cha Baiolojia. Siku nyingine naona alisema kweli, na kwamba mkuu wa shule, bila kujua, alikuwa akitutangazia upweke pale mstarini. Siku nyingine naona ni maneno tu, na Warumi hawakuwa na habari na sisi.

Kengele ilipolia, mwalimu alipita kwenye meza ya monita, akaiona karatasi. Yule dada alikuwa mtu wa haki: aliandika jina la mwenzangu, na chini yake la mwalimu. Tukajua monita amekwisha. Mwalimu alisoma, akaomba kalamu, akasahihisha herufi moja kwenye jina lake, akarudisha karatasi, akaondoka.

Jumamosi mwenzangu alifyeka nyuma ya bweni peke yake, maana wiki ile wengine tulikuwa tumefunga midomo. Mwalimu alipita na baiskeli akienda sokoni, akamsalimia kwa Kiingereza.