Shati la Kijana wa Watu

Jumanne usiku.

Kaskazi inakwisha na joto la mwezi wa tatu limetukalia shingoni. Nyuzi 32, 33, na juu yake unyevu wa bahari, hata feni inapuliza moto. Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini Mombasa iko ghorofa ya juu, jua la alasiri linaipiga moja kwa moja, na kiyoyozi kimekufa. Humo ndimo tumekaa watu wazima na wanagenzi watatu waliotoka chuo juzi tu.

Mmoja wao alikuwa ananuka jasho. Naliandika hivyo hivyo kwa sababu ndilo neno ambalo ofisi nzima ilishindwa kumwambia, ingawa ilimwambia kila mtu mwingine. Akiingia, mtu anainuka kufungua dirisha. Siku moja kopo la marashi ya kupuliza likawekwa katikati ya meza makusudi, likakaa pale kama mgeni. Akapewa jina la utani, wakalitumia akiwa mbele yao asijue ni lake. Kisha mkubwa akaniita: "Zungumza na yule kijana." Nadhani hilo lilikuwa la mwanamume kumwambia mwanamume, lakini wanaume wote walilikimbia.

Mimi naona kule kunyamaza ndiko kulikokuwa kumkosea adabu. Wanasema waliogopa kumwaibisha. Basi kumcheka siku zote hizo kulikuwa nini? Kijana wa watu, mama yake kamsomesha kwa taabu, kaja kutafuta kazi, na sisi tunamwacha aandikiwe ripoti mbaya kwa jambo ambalo sabuni na maneno mawili ya mtu mzima yanalitatua.

Nilimngoja jioni, wenzake walipokwisha kushuka. Asubuhi sikutaka, kwa maana angeshinda mchana kutwa akijinusa na kuhesabu macho ya watu. Nikafunga mlango, nikamwambia: "Mwanangu, kazi yako nzuri, hati zako hazirudishwi na forodha. Nina neno la mama kwa mwana. Nguo zako zina harufu ya jasho, na wenzako wanaisikia." Basi. Sikuzunguka, wala sikumwambia "kuna watu wamelalamika", maana hapo angetoka akiwaza ni nani badala ya kuwaza shati.

Akatazama chini kidogo, kisha akasema, "Asante, mama. Mimi naoga kila siku."

Na anaoga kweli. Nilipomuuliza anavyoishi ndipo nikaona jambo lote. Amepanga chumba Likoni na mwenzake. Maji ya mfereji hayaji kila siku. Ya kisima ni ya chumvi, na ya kunywa wananunua kwa mtungi wa lita 20 kwa muuza mkokoteni. Maji ya chumvi hayashiki povu. Sabuni inaganda nguoni, uchafu unabaki, na shati likikauka linakakamaa. Mashati ya kazi anayo mawili, yote ya poliesta, kwa sababu hayataki pasi, na pasi inakula stima. Asubuhi anatembea hadi kivukoni, anasimama ferini katikati ya umati, kisha anapanda kwa miguu kuja mjini. Akifika ameshalowa.

Jasho lenyewe halina harufu kubwa. Harufu inatokana na vijidudu vya ngozini vinavyolila, na kitambaa cha poliesta kinaing'ang'ania harufu hiyo kuliko pamba. Ndiyo maana shati linaweza kuonekana safi, na mwili ukilipasha moto tu, harufu ya jana inaamka. Nikamwambia atafute pamba hata kama ni ya mitumba. Soko la Kongowea akienda siku marobota yanafunguliwa atapata mashati mazuri, ila aangalie kola na kwapa kabla ya kuuliza bei. Maji ya kununua ayatumie kusuuzia mara ya mwisho, hata nusu ndoo. Shati la leo lifuliwe leo, lisilale kwenye beseni. Aje njiani na fulana, shati alikunje mkobani, abadilishe akifika. Na kama rolioni ni ghali, apite soko la Marikiti kwa wauza viungo anunue kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la alumu, akiloweshe na kujipaka kwapani akitoka kuoga. Wazee wetu walitumia hiyo hiyo.

Aliandika yote kwenye simu. Hilo lilinigusa sana.

Nimekuwa nikilifikiria tangu nirudi nyumbani. Sisi wasichana wa Mji wa Kale tulikuwa na somo. Ukivunja ungo, mwanamke mzima anakuchukua, anakufundisha mwili wako: kuoga, kunyoa, kufukiza nguo kwa udi juu ya chetezo, asumini ziwekwe wapi. Bibi yangu hakutoka nje na buibui lisilopita moshini. Ndugu zangu wa kiume wao waliambiwa "nenda kaoge", na hapo somo likaisha. Leo hata hao wasichana wengi hawana mtu. Wanalelewa bwenini, kisha chuoni, kisha chumba cha kupanga, halafu siku ya kwanza ya kazi tunashangaa kwamba hawajui kitu ambacho hakuna aliyewafunza.

Mkubwa alikuwa na wazo lingine: abandike tangazo ukutani kuhusu "usafi na mavazi". Nilimkatalia. Tangazo la watu wote kwa ajili ya mtu mmoja linamtia aibu mbele ya wote, kila msomaji anajua ni nani. Kanuni ziandikwe, ndiyo, lakini mtu apewe siku anayoajiriwa, akizijua kabla hajavunja hata moja.

Na ziandikwe kwa kiasi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27, inataja mavazi kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, pamoja na dini na utamaduni. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimpa haki msichana aliyefukuzwa shuleni kwa rasta za imani yake. Kwa hiyo nikiona kijana wa rasta zilizosafishwa na kufungwa vizuri, sina neno naye. Hijabu sina neno nayo. Ijumaa nusu ya mji huu inakwenda kazini na kanzu na kofia, na sijaona mteja aliyepoteza imani kwa hilo. Hata wakubwa hawajaafikiana mavazi ya heshima ni yapi: mwaka 2023 Spika Wetang'ula alizipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na Rais mwenyewe anazivaa.

Nitakachosimamia mimi ni usafi, sitara na usalama. Anayeshuka yadi ya makontena avae buti, helmeti na koti la kung'aa, hata akiwa anakwenda dakika tano; ndara zibaki nyumbani. Buibui refu linaloburura chini likunjwe na kutiwa pindo, kwa sababu kule kuna foko za kunyanyulia mizigo na matrela. Jinzi za kuchanwa magotini hapana, mteja anatukabidhi mzigo wa mamilioni na macho yake ndiyo yanayompa imani ya kwanza. Kucha ndefu za bandia zisizomzuia mtu kuingiza hati kwenye kompyuta, si kazi yangu. Na msichana akihitaji kuambiwa kuhusu sketi, aambiwe na mwanamke, faraghani, si na karani wa kiume anayepaza sauti ngazini kama nilivyomsikia mmoja wiki iliyopita. Huyo nilimkemea papo hapo, na nitamkemea tena.

Tai nataka ifutwe. Kumfunga mwanagenzi tai katika joto hili, kwa posho ile ya nauli, ni kumtafutia hiyo hiyo harufu tunayomlaumu nayo.

Basi kesho namwendea mkubwa na mambo matatu. Kampuni iwanunulie mashati mawili ya pamba kila mwanagenzi. Mafundi wa Biashara Street watayashona kwa bei nafuu kuliko yale ya dukani, na yatawakaa mwilini. Kiyoyozi kitengenezwe. Na bafu letu la nyuma, ambalo limejaa mafaili ya zamani hadi darini, lifunguliwe, lioshwe, litiwe ndoo na ndoano ya kutundika nguo, ili anayetoka ng'ambo ya kivuko apate mahali pa kujimwagia maji kabla ya saa mbili. Mafaili nitayahamisha mwenyewe Jumamosi. Kijana amesema atanisaidia kuyabeba.