Chumba cha ziada

Jamani, miguu inaniuma leo! Tangu saa nne asubuhi tunagonga milango, ghorofa baada ya ghorofa, hapa mtaani kwetu London, tukiwasaidia wapangaji wa nyumba za halmashauri kujaza fomu za kuomba wafidiwe pengo la pango.

Toka Aprili 2013 Uingereza inamkata posho ya nyumba, yaani msaada wa serikali wa kulipia pango, mpangaji wa nyumba hizi anayehesabiwa kuwa na chumba cha kulala cha ziada: asilimia 14 ya pango kwa kimoja, 25 kwa viwili au zaidi. Watu wameibandika jina, kodi ya chumba. (Kiswahili chetu nacho: kodi ni ya serikali, kodi ni ya mwenye nyumba. Hapa zimekutana.)

Mama mmoja jirani yangu ana wavulana wawili, wa miaka 15 na 6. Kwa sheria hiyo walale chumba kimoja mpaka mkubwa afike 16, kwa hiyo chumba cha huyo mkubwa ni "ziada". Ahamie nyumba ndogo? Ipi? Alinipikia chai ya iliki, kisha akatoa kwenye droo barua za deni, hata hajazifungua. Tukazifungua pamoja. Jumanne naongozana naye halmashauri.