Pumzi ya Samaki Wawili

Leo ni siku ya 16 tangu niwahamishe samaki wangu wawili wa aina ya klauni kwenye tangi la karantini, na ni siku ya 13 tangu abaki mmoja. Asubuhi nilikaa mbele ya kioo na saa mkononi, nikahesabu mara anazofungua na kufunga mashavu yake, yale anayopumulia, kwa dakika moja. Nilipata 76. Wiki mbili zilizopita yalikwenda mbio kiasi kwamba sikuweza kuhesabu.

Walifika Kampala kwa basi kutoka Mombasa, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni. Ni wale klauni wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, Amphiprion allardi, wenye mwili wa hudhurungi, mistari miwili myeupe na mkia mweupe. Nilikuwa na tangi tupu la karantini stoo, lakini kwa uvivu niliouita furaha niliwatia moja kwa moja kwenye tangi kubwa.

Siku ya nne yule mdogo, ambaye ndiye dume, aligoma kula na akawa anaelea karibu na uso wa maji. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa madoa meupe, ule unaoacha vitone kama punje za chumvi kwenye mapezi, nikaanza kuulizia dawa ya shaba. Jirani yangu, ambaye huuza ngege, samaki wa ziwani, kwenye mwalo wa Ggaba, alikuja kunirudishia sufuria, akainama mbele ya kioo na kusema, "Ssebo, hawa wanatafuta hewa. Ngege wakijazana kwenye beseni hufanya hivihivi." Nikamjibu, "Nyabo, hawa ni wa baharini," kana kwamba bahari huwapa samaki pumzi ya aina nyingine.

Jioni ile ute ulianza kumbanduka dume ubavuni, mweupe na mzito kama utando wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Mwalimu mwenzangu wa biolojia aliniazima hadubini. Nikaparua ute kidogo, nikaona viumbe vyenye umbo la punje ya maharagwe vikizunguka kwa kasi. Hiyo ilikuwa Brooklynella hostilis, kimelea kinachowaandama klauni kuliko samaki wengi wengine, na ambacho huanzia kwenye mashavu kabla hakijaonekana ngozini. Kwa kuwa hujigawa papo hapo juu ya mwili wa samaki, bila kwanza kwenda kujificha mchangani kama kile cha madoa meupe, siku chache zinatosha kuua. Shaba haikiwezi. Kinachokiweza ni fomalini, dawa kali ya kuulia vijidudu.

Hapo ndipo maneno ya jirani yaliponirudia, kwa maana fomalini hupunguza oksijeni iliyomo majini. Maji ya chumvi tayari hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya ziwa. Maji ya nyuzi 26 hubeba pungufu kuliko yaliyo baridi. Na Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 87 tu ya ule wa pwani. Maelekezo niliyokuwa nayo yalisema hewa ipulizwe kwa wingi, nami niliyasoma kama mtu anavyosoma "tikisa kabla ya kutumia" kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Nilichanganya mililita 1 ya fomalini ya asilimia 37 kwa kila lita 4 za maji ya chumvi ndani ya ndoo, glavu mkononi na madirisha wazi, baada ya kuhakikisha kwamba chupa haina mashapo meupe, kwa sababu mashapo hayo ni sumu kali kwa samaki. Josho la kwanza la dakika 30 lilipita salama. La pili, usiku wa siku ya tatu ya karantini, umeme ulikatika katika dakika ya 11. Pampu ilinyamaza. Nilichota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yachukue hewa, huku mkono wa pili ukipapasa gizani kutafuta wavu. Nilipowarudisha kwenye maji safi, jike, aliyekuwa amelala ubavu, alijiinua baada ya robo saa. Dume alikufa kabla ya alfajiri. Mashavu yake yalikwisha kuliwa na ugonjwa, lakini naamini zile dakika za giza ndizo zilizommaliza.

Kabla ya josho la tatu nilikwenda Kikuubo, mtaa wa maduka katikati ya Kampala, nikanunua pampu ya betri.

Tangi la karantini ni la lita 40, bila mchanga wala mawe. Lina vipande viwili vya bomba alivyoniachia fundi, kipasha joto na kichujio cha sifongo. Sifongo hilo ni jipya na bado halina bakteria wa kutosha wa kuondoa amonia, kwa hiyo kila jioni natoa nusu ya maji na kutia mengine niliyoyakoroga jana yake katika majerikeni. Wanangu hunicheka: Ziwa Viktoria linaonekana kutoka barazani, na baba yao anatengeneza maji ya chumvi. Tangi kubwa limebaki na matumbawe na konokono tu, na halitapokea samaki kwa wiki 6, ili kimelea kikose pa kuishi.

Klauni wote huzaliwa wakiwa madume, na mkubwa wao ndiye hugeuka jike, wala harudi tena udume. Mwenzi nitakayemtafutia huyu itabidi awe mdogo kwake, naye ataanzia humu humu kwenye bomba la fundi.

Saa kumi na mbili jioni nilimtupia kipande cha nyama ya kamba kisichozidi punje ya mchele. Alikishika, akakitema, akakizunguka mara mbili, kisha akakimeza. Umeme umekatika tena tangu saa moja na nusu, na pampu ya betri inavuma hapa mezani ninapoandika.