Mtu aliyekaa ndani ya sanduku

Saa sita usiku inakaribia, na mezani bado iko karatasi ileile ya tangu Jumatatu. Juu yake kuna neno moja la Kiingereza, Nevermore, na chini yake maneno ya Kiswahili niliyoyaandika, nikayakata, nikayaandika tena. Nawatafsiria wanafunzi wangu wa kidato cha tano shairi la kunguru la Edgar Allan Poe. Hakuna aliyenituma. Nimechoka tu kuwaona watoto wanaojua vina na mizani tangu shule ya msingi wakinyamaza mbele ya shairi la Mmarekani, kana kwamba ushairi wa Kiingereza ni mali ya watu wengine.

Na shairi lenyewe lina umbo letu! Hesabu mstari wa kwanza kwa vidole: silabi 8, pumzi, silabi 8, na kina kinagonga katikati na mwishoni. Mizani 16. Mistari mingine inapungukiwa na mizani moja, na ule wa mwisho wa kila ubeti ni mfupi, kama nusu mstari, ndio unaobeba kiitikio. Beti 18, mistari 108. Nilipoliona hilo Jumatatu niliinuka kitini nikatembea chumba kizima. Mstari wangu wa kwanza ulinijia nikiosha vyombo:

Usiku ulipotanda, nawaza nimejipinda.

Nimeuhesabu mara kumi. Umetimia.

Kilichonikwamisha ni kiitikio, hilo Nevermore, neno pekee la kunguru, lenye maana ya kamwe tena. Poe alitaka neno lenye o ndefu na r, sauti inayoweza kuvutwa kama kengele ya mbali. Kiswahili hakimalizii neno kwa r. Kwa siku tano nimekuwa nikizunguka nyumba nikisema maneno peke yangu.

Leo jioni mtoto wa dada yangu, anayekaa kwangu akisubiri matokeo ya kidato cha sita, akaniambia, "Ma'mdogo, si uiulize tu programu ya akili mnemba?" Nikampa simu. Jibu lilikuja kabla sijatua kikombe. Beti zote 18, Kiswahili kilichonyooka, sarufi haina doa. Mstari wa kwanza mizani 21, wa pili 17, kina hakuna. Nikaomba vina, vikaja, vyote vya -ni: chumbani, mlangoni, moyoni, usingizini. Aliyewahi kutunga anajua kwamba -ni ni mlango usio na komeo, kila neno linapita. Nikaomba maneno mengine ya kiitikio. Yakaja sita kwa mpigo: kamwe, kamwe tena, abadani, katu, asilani, haitatokea tena. Yalimwagwa mbele yangu kama muuza kanga anavyokunjua doti baada ya doti juu ya kaunta.

Niliumia, na nataka kuandika ukweli huo hapa. Siku tano zangu dhidi ya sekunde tano. Kijana alipokwenda kuoga nilibaki nimeshika simu, nikajiuliza kama ninachokiita kutunga ni kitu chochote zaidi ya kuchagua kwenye orodha, polepole.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Poe mwenyewe, kwa sababu aliishi nalo.

Mwaka 1836, akiwa na miaka 27 na akifanya kazi kwenye jarida la Southern Literary Messenger huko Richmond, Virginia, aliandika makala ndefu kuhusu mashine iliyocheza sataranji, chesi kama vijana wanavyoita. Ilikuwa sanamu ya mtu aliyevaa kilemba, ameketi nyuma ya sanduku kubwa, na watu walimwita Mturuki. Aliyeibuni ni Wolfgang von Kempelen, akaionyesha Vienna mwaka 1770 mbele ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Napoleon alicheza nayo mwaka 1809. Baadaye Johann Maelzel akaivusha bahari hadi Marekani. Kabla ya kila onyesho Maelzel alifungua milango ya sanduku mmoja baada ya mwingine, akamulika mshumaa, watu wakaona magurudumu na nyenzo. Kisha akafunga, akaipa ufunguo kama saa, na mkono wa kushoto wa sanamu ukaanza kusogeza kete.

Poe alikaa akatazama. Hakuvutiwa na magurudumu, alimtazama mtu mmoja aitwaye Schlumberger, aliyesafiri na Maelzel kila mahali. Akagundua kwamba Schlumberger haonekani kamwe wakati mashine inacheza, ila kabla na baada tu. Na alipougua pale Richmond, maonyesho yakasimama. Alipopona, yakaendelea. Poe akaandika kwamba ndani kuna mtu. Sababu zake nyingine hazikusimama. Alidhani mashine halisi ingeshinda kila mchezo, na sasa tunajua sivyo: hata kompyuta ya Deep Blue, iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, ilifungwa katika mchezo wa kwanza wa mechi ileile. Lakini hitimisho lake lilikuwa sahihi. Mlemle ndani, kati ya magurudumu, alikuwa amekunjamana binadamu mwenye mgongo unaouma.

Sasa songa mbele miaka 10. Aprili 1846, shairi la kunguru likiwa limempa jina tangu Januari mwaka uliotangulia, Poe anachapisha insha ya kueleza alivyolitunga. Nimeisoma tena usiku huu. Anasema hakuna lililokuja kwa bahati wala kwa msukumo wa roho, kazi yote ilikwenda hatua kwa hatua kama swali la hisabati. Alianza na urefu: mistari kama 100. Akaja hisia: huzuni. Akaja kiitikio, kiwe neno moja. Akaja sauti, o na r. Akaja kiumbe wa kulisema neno bila kulielewa, kwanza kasuku, kisha kunguru. Mwisho mada: kifo cha mwanamke mzuri, kwa sababu, anadai, hakuna mada ya kishairi zaidi ya hiyo.

Isome insha hiyo na utaona maelezo ya programu ya kompyuta. Weka lengo, chagua sauti, toa matokeo.

Lakini kuna mtu hamtaji. Januari 1842 mkewe Virginia alikuwa akiimba nyumbani, damu ikamtoka kinywani. Kifua kikuu. Akapata nafuu, akazidiwa, akapata nafuu tena, miaka mitano hivyo, na kila mara Poe alimlilia kama aliyekwisha kufa. Insha ilipochapishwa Virginia alikuwa bado hai. Alifariki tarehe 30 Januari 1847, na umri wake miaka 24. Mama mzazi wa Poe alikufa mwaka 1811, mtoto akiwa na miaka 2. Mama mlezi akafuata mwaka 1829. Mtu huyu anatuambia alifikia kifo cha mwanamke kwa kukokotoa!

Nimekaa na jambo hili zaidi ya saa nzima na nadhani nimeliona. Mwaka 1836 alifungua sanduku la mwenzake akamtoa mtu. Mwaka 1846 alisimama yeye mahali pa Maelzel. Alitufungulia milango mmoja mmoja, akamulika mshumaa, akatuonyesha magurudumu ya vokali na konsonanti, na mtu aliyekuwa ndani akamficha. Simlaumu. Anayeuguza hawezi kueleza kila kitu gazetini. Hesabu yake pia naiamini, mizani haijipangi yenyewe. Ila najua kwa nini hesabu ile ilikuwa na haraka ya kupata neno linalomaanisha hakuna kurudi.

Halafu nikaitazama simu yangu. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno ya watu, na kazi yake ni kukadiria, neno baada ya neno, lipi lina nafasi kubwa ya kufuata. Kunguru wa Poe bila shaka yumo. Wamo na watu walio hai pia, na hawa ndio walioninyima usingizi. Januari 2023 jarida la Time liliandika kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuweka alama kwenye maelezo ya ubakaji, mateso na mauaji, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Wengine walieleza jinsi kazi ile ilivyowaharibu akili. Wasemaji wa Kiswahili, vijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, wamekaa ndani ya sanduku. Na kuna soko la kazi ndogondogo za mtandaoni, lilianzishwa Marekani mwaka 2005, ambalo wenyewe waliliita Mechanical Turk, kwa jina la sanamu ileile. Hawakuficha hata jina.

Basi nikiulizwa kama mashine inatunga, swali langu la kwanza limekuwa lile la Poe pale Richmond: nani haonekani wakati inacheza?

Kuna la pili, la kwangu binafsi. Mwaka jana niliandika ukurasa mmoja kumhusu bibi yangu wa Pangani, tuusome siku ya kumkumbuka. Nikaupitisha kwenye programu inisahihishie makosa ya chapa. Nilikuwa nimeandika: "Bibi akisema abadani, keshaanza kufungua fundo la kanga." Ndivyo alivyokuwa. Ukimwomba hela ya andazi anang'aka, abadani, na vidole vyake tayari viko penye pindo alikofunga sarafu. Sentensi ikanirudia hivi: "Bibi alikuwa mkali lakini mwenye upendo mkubwa." Haina kosa, na bibi hayumo. Ningeweza kuisoma kwenye mazishi ya bibi yeyote duniani.

Ndipo nikaelewa wahariri walichomfanyia Emily Dickinson, mshairi mwingine wa Marekani. Alifariki Amherst, Massachusetts, Mei 1886, na mdogo wake Lavinia akakuta chumbani vijitabu vipatavyo 40 alivyovishona kwa mkono. Mashairi yote yanakaribia 1,800, na aliyoyaona yakichapwa akiwa hai ni kama 10 tu. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1890, na wahariri walikuwa wamelainisha. Vistari alivyotia kati ya maneno vikaondolewa, vina vilivyopinda vikanyooshwa, mashairi yasiyo na majina yakapewa majina. Walimpenda, sina shaka. Ilibidi kungoja mwaka 1955 ndipo Thomas H. Johnson akamrudisha na vistari vyake.

Picha za miswada yake ziko wazi kwenye intaneti. Moja ni kipande cha bahasha kilichofunguliwa kikawa na umbo la nyumba yenye paa, na ndani yake kaandika, kwa penseli, jinsi tumaini linavyojenga nyumba. Kwenye miswada mingi kuna kitu kingine, alama ndogo ya jumlisha kando ya neno, na chini ya ukurasa maneno mengine ambayo yangeweza kukaa mahali pale. Mara nyingi hakuamua. Yalibaki yote, yanaangaliana. Nimekuwa nikidhani shairi limekwisha pale neno moja linaposhinda. Kumbe yeye aliweza kushona kijitabu, akakifunga kwa uzi, akakihifadhi sandukuni huku maneno mawili bado yanashindana ndani yake.

Nimesahau kusimulia la jioni. Kijana alipotoka kuoga alinikuta barazani nimeshika ile orodha ya sita. Juu ya bati la jirani walikuwepo kunguru wawili, hawa wetu wenye shingo ya kijivu, wezi wa sabuni. Tunasema kunguru hafugiki, na huyu wa Poe katua juu ya sanamu mlangoni na kakataa kutoka. Nikamweleza kijana hivyo, nikamwambia ndege anajua neno moja tu. Akatazama juu ya bati, akainamisha kichwa upande, akakaza koo na kusema, kwa sauti kavu ya kunguru kabisa: "Katu."

Neno lilikuwemo kwenye orodha. La nne. Nilikuwa nimelipita.

Tukalirudia, yeye na mimi, hadi kunguru mmoja akaruka. Katu. Halina o, halina r, halivutiki kama kengele. Linadonoa. Nimeketi nalo usiku huu nikilijaribu mwishoni mwa kila ubeti, na ubeti ambao mtu anauliza kama atamkumbatia tena yule aliyekufa, nikafika pale nikashindwa kuendelea kwa muda.

Abadani niliitaka kwa ajili ya bibi. Lakini abadani ya nyumbani kwetu ilikuwa na sarafu nyuma yake kila mara, na jibu la ndege huyu halina kitu nyuma yake.

Nimeandika katu. Kando yake nimeweka alama ndogo ya jumlisha, na chini ya ukurasa, kwa penseli, abadani.