Kinga ya kupulizia kwenye gari jeusi, Tabora

Kumiliki gari jeusi Tabora ni adhabu ya kujitakia, na mimi nililitaka. Kiangazi kikishaingia, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jepesi la kichanga hutua juu ya boneti hata kama gari limelala uani, na wengi wetu tumezoea kulifuta asubuhi kwa kitambaa kikavu kabla ya kwenda kazini. Chembe za mchanga zinazoburutwa na kitambaa hicho ndizo zinazochora ile mistari myembamba ya mviringo inayojitokeza jua likipiga, kwa sababu tabaka angavu linalofunika rangi kwa kawaida lina unene wa maikroni 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Ndiyo maana nilichagua kinga yenye silika, yaani dawa ya kulinda rangi ya gari, ile ya kupulizia kutoka kwenye chupa. Shabaha yangu haikuwa mng'ao. Nilitaka vumbi liondoke kwa maji bila kusuguliwa.

Nilishauriwa nitumie nta ya nyuki, kwa kuwa mkoa huu hauikosi. Nta hiyo ni laini, huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na ikilegea juani hugeuka mtego wa vumbi. Waksi nzuri za magari hutegemea nta ya karnauba, itokanayo na majani ya aina ya mtende wa Brazili, ambayo huvumilia hadi zaidi ya nyuzi 80.

Kazi kubwa ilikuwa maandalizi. Nililimwagia gari maji mengi ili mchanga uanguke wenyewe, kisha nikaosha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia kitambaa, nikianzia juu ya paa na kumalizia sehemu za chini ambako uchafu ni mzito. Utomvu wa mwembe uliokauka niliulainisha kwa spiriti. Vile vitone vya njano vinavyoachwa na nyuki, ambao hujisaidia wakiwa angani, nilivifunika kwa kitambaa chenye maji mpaka vikalegea, maana ukivikwangua kwa ukucha unaondoka na mng'ao wa rangi.

Baada ya kuosha, macho yalidanganyika kwamba gari ni safi. Nilivika vidole mfuko mwembamba wa mkate na kuvipitisha polepole juu ya boneti. Hapo ndipo niliposikia vipele vidogo vidogo, ambavyo ni pamoja na chembe za chuma kutoka kwenye breki na masizi yaliyogandamana na rangi. Hivyo haviondoki kwa sabuni. Vinahitaji udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, ambao niliuteleza juu ya maji ya shampuu bila kuukandamiza. Mwanzoni ulikwaruza kwa sauti, baadaye ukapita kimya. Kila ulipochafuka niliukunja ili upande safi uguse rangi, na nilikuwa radhi kuutupa wote endapo ungeanguka chini, kwa sababu mchanga ukishauingia unageuka msasa. Mwisho nilifuta mwili mzima kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, ili mafuta yasizuie kinga kushika.

Kupulizia kwenyewe nilikufanya alfajiri, chini ya paa la kibaraza, kwa kuwa bodi ikiwa ya moto dawa hukauka kabla haijatandazwa. Nilikuwa nikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Nilipulizia kidogo kwenye kitambaa cha maikrofaiba, nikapaka nusu ya boneti kwa kwenda na kurudi, kisha kwa kukatisha, na mara tu ukungu mwepesi ulipoonekana nikafuta kwa kitambaa cha pili kilicho kikavu. Kijana wa jirani aliyekuwa akinisaidia kubeba ndoo aliniuliza, “Mwalimu, mbona unaibania hivyo? Mwaga ikolee.” Ziada haiongezi ulinzi, hukauka ikawa mabaka yenye rangi za upinde wa mvua kama mafuta juu ya dimbwi. Baka likijitokeza, dawa ni kupitisha tone jipya juu yake na kulifuta papo hapo. Kioo cha mbele nilikiruka, nisije nikaona ukungu waipa zinapofanya kazi usiku. Gari lilibaki chini ya paa hadi kesho yake bila kuguswa na maji wala umande.

Sasa maji ya bomba yanapolipiga, hujikusanya kuwa matone na kukimbia na sehemu kubwa ya vumbi, na kinachobaki hutoka kwa kitambaa chenye shampuu bila nguvu. Kokoto zinazorushwa na malori bado zinakula rangi kama zamani, na kinyesi cha ndege kikiachwa juani bado kinaunguza. Dalili ya kinga kuchoka ni maji kutandaa kama shuka badala ya kukusanyika. Boneti na paa, vinavyopigwa na jua mchana kutwa, vilionyesha dalili hiyo kwanza, nikavirudia kabla ya mvua za Novemba. Milango bado inarusha maji vizuri, kwa hiyo sijaigusa.