Roki chini ya bati: kumbukumbu ya mradi wa maonyesho ya laivu Mtwara

Mradi wenyewe ni huu: kuandaa mara kwa mara, hapa Mtwara mjini, onyesho la muziki wa roki, panki na metali linalopigwa laivu na bendi zisizo na meneja wala mdhamini, katika ukumbi wa kawaida wa sherehe, kwa kiingilio ambacho mwanachuo au kijana wa bodaboda anakimudu. Ukumbi tulioupata uko Chikongola. Kuta zake ni za tofali za saruji, sakafu ni ya vigae, na paa ni bati tupu lisilo na dari. Aliyewahi kualikwa harusini katika ukumbi wa namna hiyo anaujua mlio wake: mshereheshaji anazungumza, maneno yanagonga ukuta wa pili na kurudi, na waalikwa wanaambulia nusu ya alichosema. Magitaa yenye distosheni, yaani mlio uliokwaruzwa makusudi kwa mitambo, yakiingizwa humo bila maandalizi hugeuka mvumo mmoja mrefu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu hii inahusu sauti. Ninaamini kabisa kwamba uzito wa muziki huu hautokani na kufungulia mitambo hadi mwisho, bali na kila chombo kusikika mahali pake.

Wapo wanaodhani roki ni mgeni asiye na ndugu katika nchi hii. Bendi ya Sunburst ilikuwa ikipiga muziki wa magitaa wenye roki ndani yake Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na albamu yao ya mwaka 1976, waliyoirekodi Zambia, imetolewa upya Uingereza mwaka 2016. Zambia kwenyewe, katika muongo huohuo, bendi kama WITCH na Amanaz zilijenga aina nzima ya muziki ambayo leo inaitwa Zamrock. Ninayeiangalia zaidi kama mfano, hata hivyo, ni Overthrust ya Botswana. Bendi hiyo ya metali haikutokea Gaborone bali Ghanzi, mji mdogo wa Kalahari, na huko huko imekuwa ikiandaa tamasha lake, mashabiki wakisafiri umbali mrefu kuifuata. Kama Ghanzi imeweza kukusanya watu jangwani, sioni kwa nini Mtwara, yenye bandari, chuo kikuu kishiriki na lami hadi Dar es Salaam, ishindwe.

Masika yakiisha: majirani, saa na vibali

Kabla ya kugusa waya wowote tulipita nyumba zinazouzunguka ukumbi. Mzee mmoja, ambaye mtaa mzima humwita Babu, alizipokea shikamoo zetu, akatukaribisha barazani na kutusikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba muziki hana ugomvi nao, ila Magharibi ikiingia anataka asikie adhana. Ombi lake lilikuwa la haki, nalo ndilo lililoamua ratiba yetu yote. Tunaanza baada ya watu kutoka sala ya Alasiri na tunazima mitambo kabla ya Magharibi. Katika mwezi wa Ramadhani hatutapiga kabisa.

Ratiba hiyo ina faida nyingine ambayo waandaaji wengi hawaifikirii. Usiku ardhi hupoa na hewa iliyo karibu nayo huwa baridi kuliko iliyo juu, hivyo sauti inayopanda hupindishwa kurudi chini na kufika mbali sana. Mchana wa jua kali mambo huwa kinyume: sauti hupindia juu na kupotea. Onyesho lilelile, kwa mitambo ileile, humsumbua jirani wa mtaa wa tatu usiku na wala halimfikii alasiri.

Muda tulionao haufiki saa mbili, tukitoa dakika za kubadilisha vyombo. Tuliamua ziwe bendi nne, kila moja ikipewa dakika ishirini. Baadhi ya wanamuziki walinung'unika, lakini kwa upande wa panki hakuna hasara yoyote: albamu ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Bendi inayojua kwamba ina dakika ishirini haileti wimbo wa kujazia.

Vibali havikuwa na maajabu. Tulianza serikali ya mtaa, tukaenda kwa afisa utamaduni wa manispaa, tukamalizia polisi, na bendi ambazo hazijasajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) zilielekezwa namna ya kufanya hivyo. Namshauri yeyote anayetaka kuiga jambo hili aanze mapema na aandike barua inayosema wazi saa ya kuanza na ya kumaliza, kwa sababu hilo ndilo swali linaloulizwa kila mezani.

Miezi ya kusi: kuufanyia kazi ukumbi

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Tulianza na magunia. Mtwara magunia ya juti hayakosekani, kwani korosho husafirishwa ndani yake, na yaliyochakaa hupatikana kwa bei ndogo. Tuliyashindilia nguo za mitumba zilizokataliwa sokoni, tukayashona midomo na kuyasimamisha kwenye ukuta unaotazamana na jukwaa, tukiacha nafasi ya kiganja kati ya gunia na tofali. Gunia lenye unene wa sentimita arobaini hivi humeza vizuri sauti za juu na za katikati, takribani kuanzia hertzi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) kwenda juu. Ukipiga kofi moja katikati ya ukumbi baada ya kazi hiyo, ule mlio wa chuma uliokuwa ukirukaruka kati ya kuta haupo tena.

Besi ni habari nyingine, na magunia hayaiwezi. Katika joto la nyuzi 30 sauti husafiri takribani mita 349 kwa sekunde. Gitaa ambalo uzi wake mnene umeshushwa kutoka E hadi D, kama wapiga metali wengi wafanyavyo, hutoa noti ya hertzi 73, na wimbi lake lina urefu wa karibu mita 4.8. Gitaa la besi lililoshushwa vivyo hivyo hufika hertzi 37, wimbi la mita 9 na nusu. Wimbi la urefu huo halina habari na gunia. Tulichofanya ni kuziondoa spika kwenye kona, kwa kuwa kona huikuza besi na kuifanya ivume, na kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, tukakata kila kilicho chini ya hertzi 40 katika spika kuu. Bati nalo lilikuwa likitetemeka kwa noti moja maalumu ya besi; mpiga besi aliirudia noti hiyo polepole huku fundi akiwa juu ya ngazi anapapasa kila ungio, na palipokuwa na msumari uliolegea pakawekwa msumari mpya wenye mpira.

Halafu kuna mvumo wa umeme. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na kila gitaa ambalo kinasa mlio chake kina koili moja huudaka na kuuimba bila kukoma pindi distosheni inapofunguliwa. Fundi umeme alikagua waya wa ardhi wa ukumbi, akachimbia fimbo mpya ya shaba upande wenye unyevunyevu, na tukaweka sheria kwamba vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme sehemu moja, ili usitokee mzunguko kati ya waya mbili za ardhi zilizo mbalimbali. Wapo wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo utulie. Jambo hilo haliruhusiwi kwetu kwa hali yoyote, kwa sababu mwimbaji mwenye jasho, akiwa ameshika maiki ya chuma karibu na gitaa lenye hitilafu, anaweza kufa.

Kila kitu kipimwe kwa dramu

Kanuni niliyoifikia, na ambayo sasa tunaieleza kila bendi kabla haijapanda jukwaani, ni kwamba katika ukumbi mdogo dramu ndiyo kipimo. Ni chombo pekee ambacho hakina kitufe cha kupunguza sauti, na mpiga dramu wa metali hawezi kuambiwa apige kwa upole, maana nguvu ya mkono ni sehemu ya muziki wenyewe. Kwa hiyo dramu haiwekewi maiki, isipokuwa ngoma ya mguu. Sauti ya mwimbaji inapandishwa mpaka isikike juu ya dramu, besi inakaa pamoja na ngoma ya mguu, na magitaa yanawekwa chini kidogo ya hapo.

Wapiga gitaa ndio wanaopata taabu kuikubali kanuni hiyo. Amplifaya ikiwekwa sakafuni huelekeza sauti yake kwenye ndama za miguu ya mpigaji; yeye haisikii vizuri, anaongeza, na watu walio mbele ndio wanaoumia. Tuliziinua amplifaya juu ya kreti mbili za soda na kuziegemeza nyuma kidogo, zikaelekea usoni kwa wenyewe. Wengi walipunguza sauti bila kuombwa. Jambo la pili ni sauti za katikati: kijana anayefanya mazoezi chumbani peke yake huziondoa, kwa kuwa gitaa lisilo na katikati husikika nene na la kutisha, lakini likichanganyika na besi na matoazi hupotea kabisa. Kurudisha katikati na kupunguza distosheni kunalifanya gitaa liwe zito zaidi ukumbini, ingawa kwa mpigaji aliyelizoea chumbani linaonekana jembamba.

Waimbaji wa metali wana mazoea ya kukikumbatia kichwa cha maiki kwa viganja. Maiki ya jukwaani imeundwa isikie mbele na kupuuza nyuma, nayo hufanya hivyo kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa kichwa. Ukiyaziba, inaanza kusikia pande zote, ikiwemo spika ya mwimbaji, na ukumbi mzima unapigwa na ule mlio mkali wa kurudi. Tunawaomba waishike shingoni. Kuunguruma kwenyewe hakuhitaji kiganja: mwimbaji anayejua kazi hutetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, kwa pumzi inayosukumwa kutoka tumboni, na koo haliumi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha usalama kwa kumbi za burudani, kisichozidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15. Sisi tunapima kwa simu, ambayo si kipimo cha maabara, kwa hiyo tunalenga chini ya hapo, na mlangoni kila anayetaka hupewa vizibo vya sponji vya masikio bila malipo.

Mpiga dramu wetu

Anastahili aya zake. Ni mtu wa Newala, amekulia kwenye ngoma, na dramu anazopiga ni za kwaya moja iliyotuazima kwa moyo mweupe. Siku moja ya mazoezi alituletea ngoma ya ngozi ya kwao, akawasha nyasi kavu uani na kuikanza. Anaizungusha juu ya moto, anaiondoa, anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anairudisha; ngozi inakaza na mlio unapanda hadi pale anapopataka. Kisha akaingia ndani na kuitengeneza snea, ngoma ndogo ya dramu yenye mlio mkali, kwa ufunguo kwa njia ileile, akigonga karibu na kila skrubu hadi ukingo mzima ulipolia sawa. Dramu za kwaya zimekuwa na mlio tofauti tangu siku hiyo.

Katika bendi yetu hatuigi mapigo ya Ulaya peke yake. Sehemu za kati za nyimbo mbili zimejengwa juu ya mwendo wa sindimba uliohamishiwa kwenye ngoma za kati za dramu, wakati gitaa linakaba nyuzi na kufuata mkono wa kushoto wa mpigaji. LohArano wa Madagaska wamefanya jambo la aina hiyo kwa tsapiky na salegy, midundo ya kwao, na metali yao haikupungua ukali kwa sababu hiyo. Wala kasi haitishi watu wa hapa. Vijana wanaocheza singeli wameshazoea mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na nimewaona wakiipokea panki kama kitu wanachokijua, kilichobadilishiwa vyombo tu.

Kuelekea msimu wa korosho: onyesho lenyewe na hesabu yake

Onyesho lilifanyika kwa kiingilio cha shilingi 3,000. Bendi mbili zilikuwa za hapa mjini, moja ilitoka Masasi na moja Dar es Salaam. Makubaliano yalikuwa kwamba ukumbi, fundi na mafuta ya jenereta vilipwe kwanza, na kinachobaki kigawanywe kwa bendi zote nne sawasawa, bila kujali nani amepiga mwisho. Bendi ya Fugazi ya Washington ilijulikana kwa kuweka kiingilio cha dola tano hivi na kupiga mbele ya watu wa umri wowote. Nasi tumeuchukua msimamo huo: kwetu hakuna pombe ndani ya ukumbi, na wanafunzi wa sekondari wanaingia.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba maneno yalisikika. Bendi ya Masasi ina wimbo wa Kiswahili kuhusu mkulima anayengoja malipo ya mnada, na kwenye kiitikio chake watu waliokuwa nyuma kabisa, karibu na magunia, walikuwa wameshayashika maneno kabla haujarudiwa mara ya tatu. Katika muziki ambao watu wengi huudhani ni makelele, sijui sifa kubwa kuliko hiyo. Mitambo ilizimwa kwa wakati, na Babu alituma mjukuu wake kutuambia kwamba adhana ameisikia.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya aina mbili. Kwanza, kuongeza magunia kwenye kuta za pembeni kabla ya mvua, na kuyanyunyizia dawa ya panya. Pili, kuupima ukumbi mmoja wa Lindi mjini ambao una dari ya mbao. Dari hiyo itameza sehemu ya besi ambayo hapa inatusumbua, kwa hiyo huko huenda tukaweza kuiachia besi ishuke hadi mwisho wake. Mpiga besi ameshaagiza nyuzi nene zaidi.